Harry Marshall Ward

Harry Marshall Ward (Hereford, 21 Machi 1854 – Torquay, 26 Agosti 1906) alikuwa mtaalamu wa mimea na magonjwa yake kutoka Uingereza. Anakumbukwa hasa kwa utafiti wake kuhusu kutu ya majani ya mibuni.

Alisoma London kwa Thomas Huxley, halafu Manchester na Cambridge.

Mwaka 1880 serikali ya kikoloni ya Ceylon (leo Sri Lanka) ilimwajiri achunguze ugonjwa ulioonekana huko tangu 1869. Majani ya mibuni yalitoka madoa ya unga wa rangi ya machungwa upande wa chini, kisha yakapukutika. Wenye mashamba walitaka dawa, tena upesi.

Ward alionyesha kwamba chanzo ni kuvu iitwayo Hemileia vastatrix. Spora yake ikipata tone la maji juu ya jani huota, ikaingia kupitia vitundu vya kupumulia. Alipaka vipande vya kioo gliserini, akavitega hewani, akavitazama kwa hadubini: vilikuwa vimenasa spora zilizoletwa na upepo. Ni jaribio ambalo hata shule yenye hadubini moja inaweza kulirudia. Kwa hiyo alieleza kuwa mibuni iliyopandwa peke yake eneo kubwa, bila miti ya kukinga upepo, iliulisha ugonjwa. Dawa nayo ingepaswa kuwa juu ya jani kabla spora haijaota, kwani kwa dawa za wakati huo kuvu iliyokwisha kuingia ndani haikufikiwa tena.

Aliondoka 1882 bila kuiokoa kahawa ya Ceylon, na mashamba yakageuzwa ya chai. Wengine humhesabu kuwa alishindwa, lakini si haki: mchanganyiko wa mrututu na chokaa ulitangazwa Ufaransa mwaka 1885 tu.

Baadaye alifundisha wanafunzi wa misitu huko Cooper's Hill, na kuanzia 1895 alikuwa profesa wa botania Cambridge. Alipewa Nishani ya Kifalme mwaka 1893.

Kutu hiyo inashambulia pia mibuni ya Kenya na Tanzania. Siku hizi maabara huweza kuitambua kwa kupima DNA yake ndani ya jani, hata kabla madoa hayajaonekana. Njia inayopita kuingia ni ile ile aliyoieleza Ward.

Mwanawe, Frank Kingdon-Ward (1885–1958), alijulikana kwa kukusanya mimea ya Tibet na Burma.