Ernie Kovacs: Mcheshi Aliyeazima Jina la Nairobi

Mwaka huu mlezi wa chama chetu alitutaka sisi wanachama tuandike maisha ya mtu mashuhuri aliyeaga dunia zamani. Wenzangu hawakupoteza wakati. Mmoja alimchukua Shaaban Robert, mwingine akamchukua Mekatilili wa Menza, na wawili wakamgombania Dedan Kimathi hadi ikabidi sarafu irushwe. Mimi nilipolitaja jina la Ernie Kovacs, kidato kizima kilinikodolea macho kama mtu aliyeingia msikitini na viatu. Hata mlezi wetu aliniuliza huyo anachezea timu gani.

Basi tegeni masikio niwaeleze jinsi nilivyokutana naye. Jumamosi moja mjomba alikuja kwetu, nami nikamwomba simu yake nitafute picha za Nairobi za zamani kwa ajili ya kazi ya historia. Badala ya picha za majumba na barabara, pakatokea kipande cha filamu ya rangi nyeusi na nyeupe. Lo! Macho yalinitoka pima. Walikuwa watu watatu waliovaa makoti makubwa, kofia ngumu za duara na vinyago vya gorila usoni. Mmoja alipiga kinanda. Mwingine, kiongozi wao, alishika kijiti na kuongoza muziki. Wa tatu alisimama nyuma ya kiongozi akiwa na vijiti vya kupigia ngoma. Kila muziki ulipofika mahali fulani, huyu wa nyuma aligeuka na kumgonga kiongozi kichwani, ko! Kiongozi akigeuka kwa hasira, yule mwenzake anatazama pembeni kama malaika. Muziki unaendelea. Unafika pale pale. Ko! tena. Hakuna neno linalosemwa wala sababu inayotolewa. Kikundi hicho kilijulikana kama Nairobi Trio, yaani Watatu wa Nairobi.

Nilicheka hadi mbavu zikaniuma. Kisha nikaacha kucheka ghafla, kwani wazo lilinijia: mbona sokwe hawa wapewe jina la mji mkuu wetu? Swali hilo ndilo lililonifanya nimtafute aliyewabuni, nami nikamfuata tangu alikozaliwa hadi kaburini.

Ernie Kovacs alizaliwa tarehe 23 Januari 1919 katika mji wa Trenton, jimbo la New Jersey, Marekani. Baba yake alikuwa mhamiaji kutoka Hungaria. Alipenda uigizaji tangu ujana wake, akaenda New York kujifunza kazi hiyo. Lakini kabla ya nyota yake kung'aa, ugonjwa ulimwangusha. Mwaka 1939, akiwa na umri wa miaka 20 tu, alishikwa na homa ya mapafu, akalazwa hospitalini kwa zaidi ya mwaka mmoja. Madaktari walikuwa wamekata tamaa.

Hapo kitandani ndipo shule yake ya kweli ilipoanzia. Mchana aliwachekesha wagonjwa wenzake na madaktari kwa vituko vya kila aina. Usiku alisikiliza redio, akaupenda muziki wa watunzi wakuu wa Ulaya, na muziki huo haukumtoka maishani. Mimi nadhani mtu aliyelala akingoja kifo, kisha kifo kisije, hawezi tena kuyaona mambo ya dunia kama sisi tunavyoyaona. Anagundua kwamba mengi tunayoyaogopa hayana kichwa wala miguu.

Alipopona aliajiriwa kuwa mtangazaji wa redio pale Trenton mwaka 1941. Baadaye aliandika pia safu ya gazeti. Mwaka 1950 alijiunga na kituo cha runinga cha WPTZ mjini Philadelphia, na miongoni mwa kazi alizopewa ilikuwa ya kipindi cha mapishi! Mwezi wa Novemba mwaka huo huo alianza kipindi cha alfajiri. Siku hizo watu hawakuamini kwamba kuna mtu angewasha runinga kabla ya kunywa chai. Hapakuwa na fedha za mapambo wala waigizaji wengi, kwa hiyo Kovacs alichezea chochote kilichokuwa karibu: kamera zenyewe, milango, ngazi na hata mafundi wa mitambo. Ukosefu ulimfundisha ubunifu. Wengine walikuwa wakichukua michezo ya jukwaani na kuisimamisha mbele ya kamera. Yeye aliona kwamba runinga ni kitu kipya, na kitu kipya kinataka kicheko kipya.

Hapa niwaeleze kidogo kuhusu aina hii ya kicheko. Wazazi wetu walilelewa na Vitimbi na Vioja Mahakamani. Ndani ya Vioja kuna mshtakiwa, kuna mashahidi, kuna uongo unaofichuka, na mwishowe hakimu anatoa hukumu. Kicheko chake kina njia: unajua kilikotoka na kinakoelekea. Kicheko cha Kovacs hakina hakimu. Jambo la ajabu linatokea, halielezwi, kisha linatokea tena. Mlezi wetu aliniambia kwamba wataalamu wa fasihi huita mtindo wa namna hii ubwege. Msidanganywe na jina hilo, kwani kuutunga ubwege si kazi ya bwege.

Chukueni mfano huu. Tarehe 19 Januari 1957 Kovacs alipewa nusu saa kwenye runinga ya NBC. Alifanya nini? Hakusema neno! Aliigiza mtu mmoja mpole aitwaye Eugene, ambaye kila anachokigusa kinamgeuka. Akifungua kitabu, kikohozi cha mhusika kinasikika kutoka kurasani. Akiketi mezani kula chakula chake, zeituni zinabiringika zenyewe hadi upande wa pili. Akimimina maziwa, yanamwagika mshazari na kukikosa kikombe. Mtazamaji anaiona meza iko sawa kabisa. Kumbe seti nzima ilijengwa ikiwa imeinama, na kamera nayo ikainamishwa kwa kiasi kile kile! Wahenga hawakukosea waliposema kwamba ukiona vyaelea, vimeundwa.

Ukitaka kujua kwa nini mchezo huo unavutia, kumbuka siku yako ya kwanza Kidato cha Kwanza. Wengine wote wanatembea kana kwamba sakafu imenyooka. Wewe peke yako unaona kila kitu kinateleza, na huwezi kumwambia mtu kwa sababu kwa macho yao meza iko sawa. Eugene ni sisi. Hatumcheki kwa kuwa ni mjinga, tunamcheka kwa kuwa tunamjua.

Lakini hakuna masika yasiyo na mbu. Ndoa yake ya kwanza ilivunjika, na mahakama ikampa yeye malezi ya binti zake wawili, jambo lililokuwa nadra kwa baba wa siku hizo. Mwaka 1953 mama yao aliwachukua akatoweka nao. Kovacs aliwatafuta kwa gharama kubwa hadi walipopatikana Florida mwaka 1955. Katika miaka hiyo yote aliendelea kufanya vipindi. Hebu fikiria: mtu anavaa miwani ya kuchekesha mbele ya kamera, na huku hajui wanawe wamelala wapi usiku ule. Mwaka 1954 alimwoa mwimbaji Edie Adams, aliyekuwa akiigiza naye, na ambaye mara nyingine ndiye aliyekuwa ndani ya kinyago akipiga kinanda cha Nairobi Trio. Kiongozi anayegongwa kichwani mara nyingi alikuwa Kovacs mwenyewe.

Sasa turudi kwenye lile jina. Watatu wale waliwafurahisha Wamarekani katika miaka ya 1950. Kwa wengi wao Nairobi lilikuwa jina la mbali walilolisikia kwenye sinema. Filamu ya Mogambo ya mwaka 1953, ambayo sehemu yake ilipigwa hapa Kenya, ilihusu safari ya kuwatafuta gorila. Ajabu ni kwamba gorila hawapatikani katika misitu ya Kenya. Wenye nao ni majirani zetu wa Uganda, Rwanda na Kongo. Na Nairobi yenyewe ilikuwa na nini siku hizo? Ilikuwa na hali ya hatari, iliyotangazwa Oktoba 1952. Tarehe 24 Aprili 1954 Waingereza waliuzingira mji katika msako ulioitwa Operesheni Anvil. Maelfu kwa maelfu ya watu walikamatwa na kupelekwa kwenye kambi kama Manyani na Mackinnon Road.

Msomaji, hayo si ya vitabuni tu kwetu. Nyanya yangu, mzaa mama, alikuwa msichana wa miaka minane akiishi Pumwani. Asubuhi moja babake alitolewa nyumbani na kupandishwa lori. Yeye na mamake walirudishwa Murang'a bila hata sufuria. Babake alirejea baada ya miaka mitano, na nyanya husema alirudi mtu mwingine, asiyependa kelele. Kwa hiyo niliposoma tarehe hizo nilikasirika sana. Niliapa kuandika makala ya kumlaani Kovacs.

Kabla sijaanza kuandika nilimwonyesha nyanya ile filamu, ili anisaidie kukasirika. Alivaa miwani yake, akaishika simu ya mjomba kwa mikono miwili. Mgongo wa kwanza wa kichwa, kimya. Wa pili, kimya. Wa tatu, nyanya aliangua kicheko ambacho sijawahi kukisikia kutoka kwake, hadi mama akaja mbio kutoka jikoni akidhani kuna jambo. Aliniamuru nirudie. Akaniuliza kama nimeona anayegongwa ni nani. Ni mkubwa wao, mwenye kijiti cha kuamrisha! Na anayemgonga ni yule aliyesimama nyuma yake kila siku, anayejifanya haoni wala hasikii. Kikulacho ki nguoni mwako. Nyanya alisema watu wa namna hiyo, wa kutazama pembeni, aliwajua wengi siku za hali ya hatari, na bila wao wakubwa wangelala usingizi mzuri.

Nilibaki kinywa wazi. Kovacs hakufikiria hayo hata kidogo. Lakini kwa sababu hakueleza mchezo wake, aliacha mlango wazi, na nyanya yangu akaingia na mzigo wake mwenyewe. Hapo ndipo nilipoelewa mvuto wa vichekesho hivi. Kichekesho chenye maelezo humwambia mtu acheke nini. Cha ubwege humwachia kila mtu nafasi ya kukitambua kile kinachomgonga kichwani.

Je, nyanya alisamehe jina? Hapana. Nilipomweleza wanavyoitwa, alinyamaza, kisha akasema walikuwa na miji yao mingi ya kuwapa sokwe. Nami nasema hivyo hivyo. Jina la mji wa watu si ganda la ndizi la kutupwa popote. Mtu anaweza kucheka na kulalamika siku moja, na vyote viwili vikawa vya kweli.

Miaka ya mwisho Kovacs aliigiza filamu, ikiwemo Our Man in Havana ya mwaka 1959, na kuanzia mwaka 1961 alitengeneza vipindi maalumu vya runinga ya ABC. Humo kabati za ofisi, simu na taipureta zilicheza muziki bila kuguswa na mtu, na mashina ya mboga yalivunjwa kwa mdundo wa muziki wa Tchaikovsky. Lakini nje ya kamera hakujua kiasi. Alivuta sigara nene mfululizo, alicheza kamari na kushindwa, na hakulipa kodi ipasavyo.

Usiku wa tarehe 13 Januari 1962, mvua ikinyesha mjini Los Angeles, gari lake liliteleza likagonga nguzo. Alikufa papo hapo. Zilibaki siku kumi tu atimize miaka 43. Mwaka huo huo alipewa tuzo ya Emmy kwa ustadi wake wa kamera, naye hayuko wa kuipokea. Edie aliachiwa deni kubwa la kodi. Marafiki walitaka kumchangia, akakataa, akaimba na kuigiza hadi akalilipa. Isitoshe, siku hizo vituo vya runinga vilikuwa vikifuta kanda ili zitumike tena. Edie alitumia fedha zake kuzinunua kanda za mumewe kabla hazijafutwa. Yeye alifariki mwaka 2008. Bila mama huyo, mimi na nyanya tusingecheka.

Ndugu msomaji, wasifu wangu unaishia hapo. Funzo nililopata ni kwamba kicheko si cha wasio na shida. Kovacs alikipata hospitalini, na nyanya alikuwa nacho tangu Pumwani, ila hapakuwa na wa kukichokoza. Siku hizi mjomba akija kwetu, kabla hata hajapewa chai, nyanya humwomba simu awaone wale watu wa Nairobi.