Edward Saidi Tingatinga

Watu wengi huijua picha ya Tingatinga, wala hawajui kwamba Tingatinga alikuwa mtu.

Alizaliwa mwaka wa 1932 katika wilaya ya Tunduru, kusini ya Tanganyika. Alipokuwa kijana alikwenda Tanga kufanya kazi katika mashamba ya mkonge, kisha akahamia Dar es Salaam. Hakufundishwa uchoraji katika chuo chochote. Yapata mwaka wa 1968 akaanza kuchora. Hakuwa na turubai wala rangi za wachoraji. Basi alitumia mbao nyembamba za kujengea dari, na rangi za kung'aa za kupakia baiskeli. Picha zake ziliuzwa Oyster Bay, penye Morogoro Stores, na wageni wakazipenda. Akawafundisha vijana wa jamaa zake kazi hiyo.

Mwaka wa 1972 polisi walimdhania kuwa mhalifu akimbiaye, wakampiga risasi, akafa. Alikuwa amechora kwa miaka minne hivi tu.

Wanafunzi wake waliendelea, na wengine wengi wakawafuata. Wakatokea na wadanganyifu walioandika jina lake juu ya kazi zisizo zake. Kwa hiyo atakaye kuitambua kazi ya Tingatinga mwenyewe asiridhike na jina lililoandikwa pembeni. Na aitazame picha. Nyingi za siku hizi zimejaa wanyama na miti tele. Yeye mara nyingi alichora mnyama mmoja mkubwa, akamzungushia rangi moja tupu. Jina huweza kuibwa, lakini mkono wa fundi hauibiki.