Gregory Maloba, mwana wa Mumias aliyeichongea Uganda mama

Wabadilishaji pesa wa pale Busia huhesabu noti za Uganda kutwa nzima. Tangu zilipotolewa noti mpya mwaka 2010, zote zina picha ya Mnara wa Uhuru wa Kampala, kuanzia ya shilingi 1,000 hadi ya 50,000. Wengi hudhani aliyeutengeneza mnara huo ni Mganda. La hasha. Ni jirani yetu wa ng'ambo, hayati Gregory Maloba wa Mumias.

Maloba alizaliwa mwaka 1922. Miaka 20 kabla ya hapo, Mumias yenyewe ilikuwa Uganda. Waingereza ndio waliousogeza mpaka mwaka 1902, wakalikata jimbo zima la mashariki na kulitia katika nchi iliyokuja kuitwa Kenya. Hadi leo Wasamia na Waiteso wana wajomba na mashangazi pande zote mbili.

Mwaka 1937 mama mmoja Mwingereza, Margaret Trowell, alianza kufundisha sanaa barazani kwake Kampala. Masomo hayo yakakua, yakawa shule ya sanaa ya Makerere. Maloba alikuwa miongoni mwa wanafunzi wa mwanzo. Mwaka 1941, akiwa kijana wa miaka kama 19 tu, alichonga sanamu ya mti aliyoiita Kifo. Baadaye alikwenda Uingereza kuongeza elimu, akarudi kufundisha Makerere.

Uganda ilipopata uhuru Oktoba 9, 1962, mnara ulikuwa kazi yake. Angeweza kumweka mfalme, waziri au askari mwenye bunduki. Yeye akamweka mama. Mwili wa mama huyo umezongwa vitambaa kama mfungwa au majeruhi, lakini mikono yake inamwinua mtoto juu. Mtoto hana kamba hata moja, naye amenyoosha mikono kuelekea mbinguni.

Mimi nilisomea Kenya, kwa kuwa wazazi wangu walikimbia vita vya miaka ya 1980. Tuliporudi Tororo, mama aliendelea kuweka furushi nyuma ya mlango: shuka, sufuria ndogo na vyeti vyetu. Nami, mtu mzima mwenye kazi, naweka vyeti vyote katika mfuko mmoja karibu na kitanda. Majuzi nilimkuta binti yangu amepanga nguo na daftari zake ndani ya mkoba, kauweka mlangoni. Yeye hajakimbia popote. Hakuna aliyemfundisha. Mikono yake imejifunza kwa kuangalia mikono yetu.

Hapo ndipo nilipomwelewa Maloba. Mwili hurithisha mambo ambayo mdomo haukuyasema. Mama wa mnara hakungoja afunguliwe ndipo amwinue mwanawe, wala hakumzungushia mtoto vitambaa vyake. Nasi tuliorudi tuna kazi hiyo hiyo. Tukinyamaza, watoto watarithi hofu bila kujua ilikotoka. Tukiwasimulia, angalau watajua furushi lile lilikuwa la nani na la mwaka gani.

Katikati ya miaka ya 1960 Maloba alirudi kwao Kenya, akafundisha katika chuo kikuu cha Nairobi. Alifariki dunia mwaka 2007. Mnara wake ulibaki Kampala. Ulimwona Amin akitwaa madaraka mwaka 1971 na kung'olewa mwaka 1979, ukaona na mapinduzi ya 1985 na vita vilivyomaliza utawala ule mwaka 1986. Serikali zikapita, mama akabaki na mtoto wake juu.

Basi, ndugu mfanyabiashara, ukirudi jioni na mauzo yako, mwite mtoto kabla hujazifunga noti. Mwonyeshe mama yule, umwambie na jina la aliyemtengeneza. Akiuliza kwa nini amefungwa vitambaa, usimfukuze akacheze. Kaa naye, umweleze.