Margaret McMillan na Watoto wa Shule

Ndugu msomaji, je, mtoto mwenye njaa anaweza kujifunza hesabu? Bibi Margaret McMillan aliuliza swali la namna hiyo zamani sana. Alipata jibu, lakini kulifanyia kazi jibu hilo kulimchukua maisha yake yote.

Margaret alizaliwa Marekani mwaka 1860. Wazazi wake walitoka Scotland. Mwaka 1865 ugonjwa wa homa na vipele uliingia nyumbani mwao. Baba alikufa. Mdogo wake pia alikufa. Margaret alipona, lakini masikio yake yaliziba. Alirudi kusikia vizuri alipokuwa na miaka kama 14. Mama yake alikuwa amekwisha kurudi kwao Scotland pamoja na Margaret na dada yake Rachel.

Mwaka 1893 Margaret alihamia Bradford, Uingereza. Ulikuwa mji wa viwanda vya sufu. Watoto wengi walifanya kazi kiwandani nusu ya siku, na nusu nyingine walikwenda shule. Fikiri, ndugu msomaji: mtoto ameamka alfajiri kusimama mbele ya mashine, kisha mwalimu anamtaka asome! Wengi walisinzia darasani. Wengi walikuwa na chawa. Wengine walishonewa nguo mwilini wakati wa baridi, wasizivue kwa miezi.

Mwaka 1894 Margaret alichaguliwa kuingia katika Bodi ya Shule ya Bradford. Wakati huo wanawake wa Uingereza hawakuruhusiwa kupiga kura ya wabunge, lakini katika bodi za shule waliweza kuchaguliwa. Aliitumia nafasi hiyo vizuri. Alidai shule ziwe na mabafu. Wengine walipinga. Walisema kazi ya shule ni kufundisha, siyo kuogesha, na gharama ni kubwa. Margaret hakuchoka. Mwaka 1897 bafu la shule lilifunguliwa Bradford. Pia alifanya kazi na Daktari James Kerr, aliyewapima watoto shuleni.

Chakula kilikuwa jambo gumu zaidi. Sheria haikuruhusu fedha za kodi zitumike kuwalisha wanafunzi. Margaret na wenzake walidai sheria ibadilishwe. Fred Jowett, mwenzake wa Bradford, aliingia bungeni akalisemea jambo hilo. Sheria ya mwaka 1906 iliziruhusu halmashauri kutoa chakula shuleni. Sheria ya mwaka 1907 iliagiza watoto wa shule wapimwe na daktari.

Lakini kupima siyo kutibu. Daktari akiona meno yameoza, nani atayang'oa? Margaret alikuwa amehamia London kwa Rachel. Tajiri mmoja wa kiwanda cha sabuni, Joseph Fels, aliwasaidia kwa fedha. Mwaka 1908 walifungua kliniki ya watoto wa shule, na mwaka 1910 wakaihamishia Deptford, mtaa wa maskini. Meno, macho, masikio na ngozi vilitibiwa hapo.

Hapo ndipo dada hawa wawili walipoona jambo la kusikitisha. Mtoto alitibiwa, akapona, akaenda nyumbani. Baada ya muda alirudi na ugonjwa ule ule. Nyumbani walilala wengi katika chumba kimoja, bila hewa na bila maji ya kutosha. Sisi tunalijua jambo hili. Mtoto anapewa dawa ya minyoo, halafu anarudi kucheza penye uchafu ule ule. Dawa imefanya kazi gani?

Basi mwaka 1911 walianza kulaza watoto nje, katika kiwanja chao. Jioni watoto walioga, usiku walilala penye hewa safi, asubuhi walikula, wakaenda shule. Mwaka 1914 walifungua shule ya watoto wadogo, wasiofika miaka 5. Vibanda vyake viliachwa wazi upande mmoja. Palikuwa na bustani, maji ya kuogea, chakula na muda wa kulala. Watoto wenye matege walipata jua na lishe.

Rachel alikufa mwaka 1917, wakati wa vita. Margaret alibaki bila msaidizi wake mkubwa, lakini kazi haikusimama. Shule ile aliipa jina la Rachel. Mwaka 1930 kilifunguliwa chuo cha walimu Deptford, nacho akakipa jina hilo hilo. Mwaka uliofuata naye akafariki.