Denis Burkitt: Daktari wa jicho moja aliyebadili tiba ya saratani akiwa Mulago, Kampala

Mwaka 1957, daktari Hugh Trowell wa hospitali ya Mulago mjini Kampala alimwita mwenzake wa idara ya upasuaji aje kumtazama mtoto wa kiume wa miaka mitano. Uso wa mtoto huyo ulikuwa umevimba katika pembe zote nne za taya, juu na chini, kulia na kushoto. Usaha wa jino huvimbisha upande mmoja, na saratani nayo kwa kawaida huanzia mahali pamoja. Huu ulikuwa ugonjwa gani?

Daktari wa upasuaji aliyeitwa, Denis Burkitt, hakuwa na jibu. Wiki chache baadaye alikuwa katika hospitali ya Jinja, akachungulia dirishani na kumwona mtoto mwingine aliyekuja na mama yake, uso wake umevimba vilevile. Alipompima alikuta tumboni mwake pia mna uvimbe. Mtoto mmoja angeweza kuwa ajabu ya pekee, lakini wawili walimfanya ashuku kwamba ni ugonjwa mmoja. Aliporudi Kampala alianza kufukua majalada ya wagonjwa waliotangulia.

Zaidi ya miongo 3 tangu afariki, jina lake lingali linatajwa kila siku katika wodi za saratani duniani kote. Hata hivyo, sehemu ya maisha yake inayowagusa zaidi wagonjwa wa Kampala ya leo haisimuliwi sana: namna alivyojua kwamba mtu amepona.

Aliyekataliwa kwa sababu ya jicho

Burkitt alizaliwa tarehe 28 Februari 1911 katika mji wa Enniskillen, kaskazini mwa Ireland. Baba yake alikuwa mhandisi aliyetumia muda wake wa mapumziko kuchunguza ndege na kuchora ramani za maeneo yao. Denis alipokuwa na umri wa miaka 11, ugomvi wa watoto wa kurushiana mawe ulivunja miwani yake, na kipande cha kioo kikamwondolea jicho la kulia.

Alianza masomo ya uhandisi katika Chuo cha Trinity mjini Dublin, kisha akahamia udaktari na kuhitimu mwaka 1935. Alipoomba kazi ya utabibu katika makoloni ya Uingereza alikataliwa, kwa kuwa alikuwa na jicho moja. Vita Kuu ya Pili ya Dunia vilimfungulia mlango: aliingia katika kikosi cha madaktari wa jeshi na kutumikia Afrika Mashariki, Kenya ikiwemo. Vita vilipokwisha aliomba tena, na mwaka 1946 akapelekwa Lira, kaskazini mwa Uganda.

Huko Lira alianza tabia iliyokuja kumjengea jina. Aliona kwamba wanaume wengi wenye mabusha walitoka upande mmoja wa wilaya ya Lango, na wachache sana walitoka upande wa pili. Akajizoeza kuuliza maswali mawili kwa pamoja, la ugonjwa alionao mgonjwa na la mahali anakotoka. Mwaka 1948 alihamishiwa Mulago, hospitali iliyofundisha madaktari wa Makerere.

Maili 10,000 kwa gari kuukuu

Mwaka 1958 Burkitt alichapisha makala yake ya kwanza kuhusu uvimbe wa taya kwa watoto wa Kiafrika. Wataalamu wa maabara wa Mulago walibaini baadaye kuwa ni saratani ya chembe za limfu. Daftari la kumbukumbu za saratani la Kampala, lililoanzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1950, lilionyesha kwamba ugonjwa huo ulikuwa karibu nusu ya saratani zote za watoto zilizoonekana hapo. Uvimbe huo hukua kwa kasi isiyo na mfano, na mtoto asiyetibiwa hufariki katika muda wa miezi michache.

Burkitt alituma barua zenye picha na maswali kwa hospitali nyingi barani Afrika. Oktoba 1961 aliondoka Kampala na madaktari wawili wamisionari, Ted Williams na Cliff Nelson, katika gari kuukuu la Ford. Kwa muda wa wiki 10 walisafiri takribani maili 10,000 hadi Afrika Kusini na kurudi, wakisimama katika kila hospitali waliyoweza kuifikia kuuliza kama watoto wa aina hiyo wameonekana.

Ramani waliyorudi nayo ilionyesha mkanda mpana uliovuka Afrika, katika maeneo yenye joto na mvua. Katika nyanda za juu zenye baridi ugonjwa haukuwepo. Mkanda huo ulilingana na maeneo yenye malaria kali, na baadaye ilithibitika kwamba malaria ina mchango katika ugonjwa huu. Mapema mwaka huohuo Burkitt alikuwa ametoa mhadhara London, na mwanasayansi Anthony Epstein alikuwa miongoni mwa wasikilizaji. Sampuli za uvimbe zilizosafirishwa kwa ndege kutoka Kampala zilimwezesha Epstein na wenzake kugundua, mwaka 1964, kirusi cha Epstein-Barr. Hicho ndicho kirusi cha kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu.

Kampala isiyo na mashine ya mionzi

Kugundua ugonjwa hakukuwaokoa watoto waliokuwa wodini. Kisu hakikufaa, kwa kuwa kuukata uvimbe kungemharibu mtoto uso, na bado uvimbe mwingine ungebaki tumboni. Katika nchi tajiri hatua ya pili ingekuwa mionzi, lakini Kampala wakati huo haikuwa na mashine hiyo.

Ilibaki njia ya tatu ambayo madaktari wengi wa zama hizo hawakuiamini, yaani dawa. Wataalamu kutoka New York walifika Kampala, na kwa msaada wao Burkitt akaanza kuwapa watoto methotreksati, kisha dawa nyingine. Uvimbe uliokuwa umeziba jicho uliyeyuka katika siku chache.

Baadhi ya watoto walipata dozi moja au mbili tu. Kwa kanuni za matibabu, tiba hiyo ilikuwa haijakamilika, na ugonjwa ulitarajiwa kurudi. Kwa wengi ulirudi kweli. Lakini mwaka 1967 Burkitt alichapisha taarifa kuhusu watoto waliobaki bila dalili kwa muda mrefu baada ya dozi hizo chache.

Uzito wa taarifa hiyo ulitokana na ufuatiliaji. Siku mtoto anapotoka wodini uso ukiwa umenywea, daktari hajui bado kama amemponya au amemwongezea miezi michache tu. Jibu liko kwa mtoto mwenyewe, mwaka mmoja, miwili au mitano baadaye. Asiporudi kliniki, wala asitokee mtu wa kumtafuta, mafanikio na msiba huonekana sawa katika jalada lake.

Mwaka 1967 kituo cha kutibu limfoma kilifunguliwa Mulago kwa ushirikiano wa Makerere na Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani, kikiongozwa na Mmarekani John Ziegler. Wafanyakazi wake walisafiri hadi vijijini kuwatafuta watoto waliokwisha kutibiwa. Kituo hicho kilikua na kuwa Taasisi ya Saratani ya Uganda. Ziegler alipoondoka mwaka 1972, Mganda Charles Olweny alishika uongozi na kuifanya kazi iendelee katika miaka migumu ya utawala wa Idi Amin.

Burkitt alirejea Uingereza katikati ya miaka ya 1960. Huko alijulikana upya kwa kuhimiza watu kula vyakula vyenye nyuzinyuzi, hoja aliyoijenga juu ya yale aliyoyaona katika milo ya Waafrika. Mwaka 1972 alitunukiwa tuzo ya Lasker pamoja na Ziegler na wengine. Alifariki tarehe 23 Machi 1993, akiwa na umri wa miaka 82.

Somo kwa wanaotoka katika chumba cha mionzi

Miaka miwili baada ya kifo chake, Mulago ilipata mashine yake ya kwanza ya tiba ya mionzi. Ilipoharibika kabisa mwaka 2016, wagonjwa walikwama, na baadhi yao wakalazimika kwenda Nairobi. Mashine mpya ilizinduliwa Januari 2018, na tangu hapo huduma imepanuka.

Miongoni mwa wanaotibiwa ni wanaume wenye saratani ya tezi dume. Kwao swali la zamani la Mulago linarudi kwa sura nyingine. Mionzi haiondoi tezi dume mwilini, kwa hiyo kipimo cha damu cha PSA hakishuki kwa siku moja. Hushuka polepole, na huenda kikachukua mwaka mmoja na nusu au zaidi kufikia kiwango cha chini kabisa. Kwa baadhi ya wanaume hupanda kidogo katikati ya safari kisha kikashuka chenyewe, bila ugonjwa kurudi. Madaktari huanza kushuku kuwa saratani imerejea pale kipimo kinapopanda nanogramu 2 kwa mililita juu ya kile kiwango cha chini kabisa.

Kwa sababu hiyo jibu moja la maabara haliwezi kumpa mgonjwa uhakika. Anahitaji mfululizo wa majibu, kwa kawaida kila baada ya miezi mitatu hadi sita katika miaka ya mwanzo, kisha mara moja kwa mwaka. Maumivu wakati wa kukojoa, kuharisha na uchovu mara nyingi hupungua baada ya wiki kadhaa. Lakini damu katika choo au upungufu wa nguvu za kiume huweza kujitokeza baada ya miezi au hata miaka, na mambo hayo yanafaa kuelezwa kwa daktari bila haya.

Anayejisikia mzima huona nauli ya kutoka Arua au Kisoro kuwa ghali kwa ajili ya kutolewa damu tu. Hapo ndipo wengi hupotea kliniki, nao ndio ambao daktari hawezi kuwasaidia mapema ugonjwa unaporudi. Watoto waliotibiwa Mulago katika miaka ya 1960 waliweza kubadili tiba ya saratani duniani kwa sababu miaka ilipopita walipatikana, wakaandikwa katika daftari kuwa wangali hai.