Mbaraka Mwinshehe, fundi wa nyimbo za mapenzi aliyefia ng'ambo ya mpaka

WATU wa Palma na Mocímboa da Praia waliokwisha kuvuka miaka hamsini hawahitaji kuelezwa Mbaraka Mwinshehe ni nani. Ukilitaja jina hilo barazani watakuuliza unayo kanda namba ngapi. Wanaouliza ni vijana, maana wao husikia wimbo kwenye simu ya jirani, wakaupenda, na hawajui kwamba mwimbaji wake alikufa zaidi ya miaka arobaini iliyopita. Kwa ajili yao, na kwa ajili ya wafanyabiashara wetu wanaovuka Ruvuma na bidhaa zao, leo nasimulia maisha ya mwanamuziki huyu ambaye mpaka ulimpa riziki na mwishowe alikufa mbali na kwao.

Mbaraka Mwinshehe Mwaruka alizaliwa Juni 27, 1944 huko Mzenga, Kisarawe, katika mkoa ambao leo unaitwa Pwani. Baba yake alifanya kazi katika shamba la mkonge, na kijana akakulia upande wa Morogoro. Msomaji wa Cabo Delgado asiyapite haraka maneno hayo mawili, shamba la mkonge. Babu zetu wengi walivuka mto kwenda kukata mkonge Tanganyika, wengine wakakaa mwaka mmoja, wengine hawakurudi kabisa. Morogoro ya utoto wa Mbaraka ilijaa watu waliotoka mbali, kila mmoja na ngoma yake, na Kiswahili ndicho kilichowakutanisha jioni. Nyimbo alizokuja kuimba baadaye zilieleweka kwa wote hao.

Alisoma hadi sekondari lakini hakumaliza. Aliacha shule akafuata gitaa. Mimi ni mwalimu, na kila mwaka nina mwanafunzi mmoja au wawili wanaonitajia watu wa namna hiyo ili kutetea utoro wao. Huwa nawajibu kwamba Mbaraka aliacha dawati lakini hakuacha kujifunza, kwani upigaji wake hauji bila saa nyingi za mazoezi kila siku.

Mji wa Morogoro wakati huo ulikuwa na bendi mbili kubwa zilizogombea mashabiki. Moja ilikuwa Cuban Marimba ya Salum Abdallah, mwimbaji aliyependwa mno. Ya pili ilikuwa Morogoro Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1944, mwaka uleule aliozaliwa Mbaraka. Kijana alijiunga na Morogoro Jazz katikati ya miaka ya sitini. Mwaka 1965 Salum Abdallah akafariki katika ajali ya gari, na Cuban Marimba ikaendelea chini ya Juma Kilaza. Hakuna aliyejua kwamba nyota wa bendi ya pili naye barabara ingemchukua.

Ndani ya miaka michache Mbaraka alikuwa ndiye Morogoro Jazz yenyewe. Alitunga, aliimba, na alipiga gitaa la solo kiasi cha kupewa jina la Soloist National. Mwaka 1970 bendi hiyo iliiwakilisha Tanzania katika maonyesho makubwa ya dunia yaliyofanyika Osaka, Japani, na waliporudi wakawa na wimbo wa kusimulia safari hiyo, Expo 70.

Hapa niseme jambo linalotuhusu sisi. Vita vyetu vya ukombozi vilianza Septemba 25, 1964 na makubaliano ya kuvimaliza yalitiwa saini Lusaka Septemba 7, 1974. Miaka hiyo kumi karibu yote ndiyo miaka ya Mbaraka na Morogoro Jazz. Wazee wetu waliokuwa Tanzania wakati huo, wawe wapiganaji, wakimbizi au wanafunzi wa shule za Frelimo, walimsikia kupitia Redio Tanzania Dar es Salaam. Waliporudi baada ya uhuru wa 1975 walirudi na nyimbo zake vichwani. Ndiyo sababu utakuta bibi wa Palma asiyejua Kireno hata cha salamu, lakini anajua pale gitaa la Mbaraka linapoingia.

Alikuwa na nyimbo za kila aina. Alipouawa Dk. Wilbert Kleruu, mkuu wa Mkoa wa Iringa, siku ya Krismasi mwaka 1971, Mbaraka alimtungia wimbo wa maombolezo ambao ulipigwa nchi nzima. Lakini kilichomweka kwenye nyumba za watu ni nyimbo za mapenzi na za mambo yanayozunguka mapenzi: pesa, wakwe, safari, aibu ya mtu wa shamba aliyefika mjini. Majina ya nyimbo kama Pesa No. 1 na Jogoo la Shamba yanaeleza yenyewe.

Nyimbo hizo zilijengwa kwa sehemu mbili, kama ulivyokuwa mtindo wa muziki wa dansi. Kwanza kunakuja maneno, polepole, kama mtu aliyekaa na rafiki yake anamweleza yaliyomkuta. Sauti ya Mbaraka haikuwa ya kupaza. Anaimba mstari mmoja, gitaa linamjibu, naye anangoja limalize ndipo aendelee. Baada ya hapo linakuja chemko. Maneno yanapungua, magitaa yanaongeza mwendo, watu wanainuka. Mtu aliyekuwa analia dakika tatu zilizopita sasa anacheza. Wapo waliomlaumu kwa hilo, kwamba huwezi kulia na kucheza katika wimbo mmoja. Mimi naona hawajawahi kukaa ukimbizini. Harusi zetu kule zilikuwa hivyohivyo.

Sasa nifike kwenye suala la mpaka. Tanzania ya wakati huo haikuwa na kiwanda cha kutengeneza santuri. Redio ilirekodi bendi kwa ajili ya matangazo, wimbo ukabaki kwenye mikanda ya redio, na malipo yalikuwa madogo. Bendi iliyotaka santuri ya kuuzwa dukani ilitazama Nairobi. Ndivyo nyimbo za Mbaraka zilivyotoka, kupitia kampuni ya Polygram ya huko, na nembo ya Polydor ikawa juu ya santuri zake. Wimbo ulitungwa Morogoro, ukapigwa chapa Kenya, kisha ukarudi kuuzwa Tanzania kama bidhaa ya nje. Wafanyabiashara wanaosoma makala hii wanaifahamu hesabu hiyo kuliko mimi.

Santuri ndogo za wakati huo zilikuwa na kikomo. Upande mmoja haukuweza kubeba zaidi ya dakika chache, na wimbo wa Mbaraka ulikuwa mrefu. Kwa hiyo ulikatwa katikati. Sehemu ya kwanza upande wa A, sehemu ya pili upande wa B. Mara nyingi maneno yalikuwa upande mmoja na chemko upande wa pili. Mwenye gramafoni alilazimika kuinuka na kugeuza santuri, watu wote wakingoja.

Mwaka 1973 Mbaraka aliiacha Morogoro Jazz na kuunda bendi yake mwenyewe, Super Volcano. Mtindo wao uliitwa Masika. Miaka michache iliyofuata ndiyo jina lake lilipokuwa kubwa kabisa Kenya, pengine kupita hata nyumbani. Kisha siasa zikaingilia. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977 na Tanzania ikaufunga mpaka wake na Kenya, ukaja kufunguliwa mwaka 1983. Kwa mwanamuziki ambaye santuri zake zilitoka upande mmoja na nyumba yake iko upande wa pili, hilo lilikuwa pigo. Hata hivyo wimbo wake uliovuma kuliko zote, Shida, ulitoka Kenya katika kipindi hichohicho cha mwisho wa maisha yake.

Januari 1979, wakati Tanzania iko vitani na majeshi ya Idi Amin, Mbaraka alikuwa Mombasa. Huko alipata ajali ya gari na kufariki dunia. Alikuwa na umri wa miaka 34. Alizikwa nyumbani Tanzania. Bendi ya Super Volcano haikuweza kusimama tena kama zamani.

Kile ambacho watu wengi wanakiita albamu ya Mbaraka kilikuja baada ya hapo. Kampuni ilikusanya nyimbo zilizokuwa zimetawanyika kwenye santuri ndogondogo, za Morogoro Jazz na za Super Volcano, ikazitoa kwa mfululizo ulioitwa Ukumbusho, namba moja, namba mbili, na kuendelea. Mwenyewe hakuupanga mfululizo huo, wala hakuchagua wimbo gani ufuate upi. Lakini ndio uliofika kwetu. Mtu wa pwani ya kaskazini akisema Mbaraka anamaanisha Ukumbusho.

Mimi nimezaliwa mwaka huohuo aliofariki. Vita vya pili vilipotufikia tulivukia Tanzania, nikasomea huko upande wa Newala hadi mwaka 1994 tuliporudi baada ya amani ya Oktoba 1992. Mjomba wangu alikuwa na redio kaseti na kanda moja halali ya Ukumbusho aliyoinunua Mtwara. Nasema halali kwa sababu zilizofuata hazikuwa halali. Aliazima redio ya pili, akaziweka mbili zikitazamana, akaanza kunakili. Mawe ya redio yakichoka, sauti ya Mbaraka ilishuka ikawa kama ya mzee, na kanda hiyo nayo iliuzwa. Kazi yangu ilikuwa kuandika majina ya nyimbo kwenye karatasi za ndani. Mwandiko wangu wa Kiswahili umetokana na kazi hiyo zaidi ya madaftari ya shule.

Kanda hizo zilivuka Ruvuma ndani ya magunia ya chumvi na mafungu ya vitenge, kwa mitumbwi, zikauzwa hadi Nangade na Mocímboa da Praia. Zilitulipia sare za shule. Hakuna senti hata moja iliyokwenda kwa familia ya marehemu, na wala hatukuwahi kuliwaza jambo hilo. Tuliona kwamba mtu akishakufa nyimbo zake ni kama maji ya mto. Tanzania ilipata sheria mpya ya hakimiliki mwaka 1999, miaka ishirini baada ya kifo chake, na wakati huo tayari kila soko la kusini lilikuwa na mjomba wa namna ile. Mwaka 2000 kampuni moja ya Ujerumani ilitoa nyimbo za Morogoro Jazz kwenye CD. Wanamuziki wengi wa wakati wake wamezeeka wakiwa maskini, nyimbo zao zikipigwa kila siku. Nimewahi kumwuliza mjomba kama anajuta. Alifikiri kwa muda, kisha akataka kujua angempelekea nani pesa hizo, na kwa njia ipi, katika miaka ambayo sisi wenyewe hatukuwa na anuani.

Ile kanda ya kwanza tulirudi nayo. Ililowa mtoni, tukaianika, upande wa pili ukabaki na sauti ya chini kama redio iliyo chumba cha jirani. Ilikaa nyumbani Palma hadi Machi 2021, tulipokimbia mashambulizi bila kuchukua kitu. Tuliporudi haikuwepo.

Sasa nyimbo hizo nazipata kwenye kadi ya simu. Pale Namoto, karibu na kivuko, kuna kijana anayejaza kadi kwa metikali chache, nyimbo mia kwa mpigo. Mbaraka yumo. Tatizo ni kwamba aliyezipanga hakujua habari ya upande A na upande B, kwa hiyo sehemu ya kwanza ya wimbo iko namba kumi na mbili na sehemu ya pili iko namba sabini na kitu. Vijana wanapenda chemko, wanalirudia, na hawajui kwamba lilitanguliwa na mtu anayeeleza kwa nini ameachwa.

Nilimwonyesha yule kijana namna ya kuziunganisha. Alizisikiliza zote mbili mfululizo, akasimamisha mteja mmoja aliyekuwa anangoja, kisha akaanza kuzitafuta nyingine zenye jina moja ili azipange upya. Hadi mashua yangu inaondoka alikuwa amefikia ya nne.