Nikola Tesla na Mashua Isiyo na Nahodha

Nikola Tesla alizaliwa tarehe 10 Julai, 1856, katika kijiji cha Smiljan, katika nchi ambayo siku hizi huitwa Kroatia. Baba yake alikuwa padre wa Kanisa la Orthodoksi, naye alitaka mwanawe awe padre pia. Mama yake hakupata kusoma shuleni, lakini alikuwa hodari sana wa kujitengenezea vyombo vya kazi za nyumbani. Kijana akamfuata mama yake.

Alijifunza uhandisi mjini Graz, akafanya kazi Budapest na Paris, na mwaka wa 1884 akavuka bahari kwenda Marekani. Huko alipata sifa kwa mota yake iendeshwayo kwa umeme unaogeuza mwendo wake mara kwa mara. Lakini mwezi wa Machi, 1895, karakana yake mjini New York iliteketea kwa moto pamoja na kazi za miaka mingi. Hakukata tamaa, bali alianza tena.

Mwaka wa 1898 aliwaonyesha watu wa mji huo mashua ndogo ya chuma ikielea katika hodhi. Haikuwa na mtu ndani, wala waya wala kamba ya kuivuta. Hata hivyo iligeuka kila alipotaka mwenyewe, na taa zake zikawaka. Wengine walidhani ni uchawi.

Siri ilikuwa katika mpango wa nyaya zake. Mawimbi ya redio yakifika mbali huwa dhaifu, hayawezi kugeuza usukani. Basi Tesla hakuyapa kazi hiyo. Alitia mashuani mrija mdogo wenye chembe za madini. Kwa kawaida chembe hizo huzuia umeme, lakini wimbi likizifikia hushikamana na kuupitisha. Umeme huo mdogo ulivuta swichi ya sumaku, na swichi ikafungua njia ya umeme mwingi wa betri kwenda kwenye mota ya usukani. Kisha mrija ulipinduliwa ili chembe ziachane, tayari kwa amri nyingine. Wimbi liliamuru tu. Nguvu ilikuwamo chomboni.

Mwanafunzi wa leo aundaye ndege ndogo ya kuongozwa kwa redio hana haja ya mrija ule, lakini hufuata mpango uo huo: kipokea mawimbi, betri, mota ya rafadha, na mota ndogo za kuvuta usukani. Waya mmoja ukilegea, amri haifiki, na ndege huanguka.

Tesla alipata hati ya uvumbuzi wake tarehe 8 Novemba, 1898. Humo alieleza kwamba vyombo vya namna hiyo vingeweza kupeleka barua, mizigo na vyakula. Tena alitumaini kwamba vingetisha sana vitani, hata mataifa yakae kwa amani. Jambo la kwanza limetimia: tangu mwaka wa 2016, nchini Rwanda, ndege ndogo zisizo na rubani hupeleka damu hospitalini. La pili halikutimia, maana ndege za jinsi hiyo huua watu vitani.

Alikufa tarehe 7 Januari, 1943, peke yake katika chumba cha hoteli mjini New York, bila mali, mwenye umri wa miaka 86.

Chombo hutii amri, iwe njema au mbaya. Kuchagua ni kazi ya yule aliyeshika mtambo, nasi tunaojifunza kufunga nyaya tujifunze na hilo pia.